Kueleza chati ya ujuzi wa lugha: asilimia, "tu" na "lugha ya kigeni"

Katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS wa wanaoomba kusoma vyuoni, swali la kwanza la kuandika humpa mtahiniwa chati, grafu au jedwali na kumtaka alieleze kwa maneno yasiyopungua 150, kwa muda wa takriban dakika 20. Chati mojawapo inayotumika sana katika mazoezi ni ya maduara mawili, mwaka 2000 na mwaka 2010. Inaonyesha wanafunzi Waingereza wa chuo kikuu kimoja cha Uingereza walioweza kuzungumza lugha nyingine mbali na Kiingereza. Wasioweza lugha nyingine walikuwa asilimia 20, kisha 10. Walioweza Kihispania tu walikuwa asilimia 30, kisha 35. Mwalimu wa Sumbawanga anayewafasiria wanafunzi wake chati hiyo kwa Kiswahili kabla hawajaiandikia Kiingereza hukuta kwamba maneno madogo ndiyo yanayomsumbua zaidi.

Neno "asilimia" hutangulia tarakimu: asilimia 30, si 30 asilimia. Kitenzi kinachofuata hupatanishwa na watu: "asilimia 30 ya wanafunzi walizungumza Kihispania". Wapo wanaoandika "ilizungumza", na sarufi haiwakatazi, ila sentensi husomeka kana kwamba takwimu ndiyo iliyofungua kinywa.

Hatari kubwa imo katika "kwa" na "hadi". Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,004,539 katika Mkoa wa Rukwa. Ile ya 2022 ikahesabu 1,540,519. Idadi iliongezeka hadi 1,540,519, na iliongezeka kwa 535,980, yaani kwa takriban asilimia 53. Anayebadilisha "hadi" kuwa "kwa" anauongezea mkoa zaidi ya watu milioni moja kwa silabi moja. Kosa hilo hutokea mara nyingi katika tafsiri za haraka, kwa sababu masikio ya mzungumzaji huyapokea maneno yote mawili bila kushtuka.

Kinachopimwa kinapokuwa chenyewe ni asilimia, tatizo huongezeka. Kushuka kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10 si "kupungua kwa asilimia 10". Asilimia 10 ya 20 ni 2, na msomaji makini atabaki na 18. Husemwa "ilipungua kwa nusu", au hutajwa mwanzo na mwisho: "kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10". Taarifa za uchumi hutumia "pointi za asilimia", na usemi huo ni sahihi. Darasani, hata hivyo, kutaja ncha mbili hueleweka upesi zaidi. Vivyo hivyo, Kihispania kiliongezeka kutoka 30 hadi 35: pointi tano, lakini ongezeko la karibu asilimia 17 la kiwango cha awali. Kauli zote mbili ni za kweli, na mwandishi hana budi kuonyesha ni ipi anayoikusudia.

Kisha kuna "tu". Katika "wanaozungumza Kifaransa tu", neno hilo linaifunga lugha: hakuna nyingine mbali na hiyo na lugha yao ya kwanza. Katika "wanazungumza tu Kifaransa", linaelekea kukifunga kitendo: wanakizungumza, pengine hawakisomi wala hawakiandiki. Katika "wanafunzi tu wanazungumza Kifaransa", linawafunga watu. Chati ya aina hii inataka maana ya kwanza, na "pekee" baada ya jina la lugha huondoa shaka. Tena chati inasema "wanaoweza kuzungumza". Mfasiri asiigeuze kuwa "mahiri wa", kwa kuwa umahiri ni daraja na chati haikupima madaraja; wala asiandike "wanaozungumza" bila "weza", kwa kuwa anayeweza lugha si lazima awe anaitumia.

Mwalimu akitaka kulipeleka zoezi hilo darasani kwake, akusanye takwimu za wanafunzi wake na kuwachorea duara, ndipo neno gumu kuliko yote linapojitokeza. Ufipa, juu ya uwanda ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, mtoto wa kijijini aghalabu huanza na Kifipa nyumbani, hukutana na Kiswahili kama lugha ya kufundishia shule ya msingi, kisha Kiingereza huchukua nafasi hiyo sekondari. Lugha ya kigeni kwake ni ipi? Kwa maana ya sera ni Kiingereza, na Kifaransa kinapofundishwa. Upande wa Kalambo, Kimambwe husemwa Tanzania na ng'ambo ya mpaka nchini Zambia. Hakuna mzungumzaji atakayekubali kuwa kinageuka kigeni pale Kasesya.

Kwa hiyo swali "Unajua lugha gani ya kigeni?" na swali "Unajua lugha gani nyingine mbali na Kiswahili?" hutoa maduara mawili tofauti kutoka kwa wanafunzi walewale. Hata la pili halijasalimika, maana Kifipa huitwa "kilugha" katika mazungumzo ya kila siku, na mwanafunzi aliyezoea kutenganisha kilugha na lugha anaweza kuweka alama kwenye "hakuna". Tuseme darasa lina wanafunzi 40 na kumi wakafanya hivyo. Mchoro utasema kwamba robo ya darasa wanajua Kiswahili peke yake, hali kila mmoja wao anaamkia kwao kwa Kifipa. Maelezo ya kipande hicho hayawezi kuwa sahihi hata yakiandikwa kwa sarufi isiyo na doa. Dawa ni kulitaja jina: "Kifipa, Kimambwe, Kirungu au lugha nyingine ya nyumbani".

Dodoso la sensa ya 2012 lilikuwa na mgawanyo unaofaa kulinganishwa na huu. Katika kusoma na kuandika liliweka Kiswahili, Kiingereza, Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, na lugha nyingine. Aliyejua zote mbili alihesabiwa katika kundi la tatu, hakurudiwa katika mawili ya kwanza. Hivyo "Kiswahili" hapo ni "Kiswahili pekee", ingawa neno "pekee" halikuandikwa. Anayeeleza jedwali la namna hiyo aliongeze mwenyewe, la sivyo msomaji atadhani wanaojua Kiswahili ni wachache kuliko walivyo.

Kuhusu makadirio: "karibu" huashiria kutofika, kwa hiyo asilimia 32 ni karibu theluthi, na asilimia 35 ni zaidi kidogo ya theluthi. "Takriban" hukubali pande zote mbili.