Njia za Kozi na Mwewe: Jinsi Watu Walivyojifunza Kuwafuata Ndege Wasafirio

Katika masomo yetu ya historia tumezoea kuzungumza habari za wafalme, vita na biashara. Leo tutazungumza habari za ndege. Msicheke. Historia ni pia habari ya jinsi mwanadamu alivyokuja kujua mambo aliyokuwa hayajui, na hili ni moja lililomsumbua kwa muda mrefu sana: ndege fulani huonekana kwa miezi michache, kisha hutoweka. Huenda wapi?

Wengi wenu mnawajua wageni hao. Mvua za vuli zinyeshapo, na kumbikumbi wanapoanza kutoka ardhini, huenda mkaona angani makundi ya kozi wadogo wenye miguu myekundu, wakiruka huku na huku na kuwadaka wadudu. Baada ya siku chache hawapo tena. Karibu na mwezi wa Aprili hupita mara ya pili, wakielekea kaskazini. Hao ni kozi wa Amur, na jina lao latokana na mto ulio mpakani mwa Urusi na China. Huko ndiko wanakotaga mayai na kulea makinda. Leo twalijua jambo hilo bila shaka. Lakini limejulikanaje?

Watu wa kale walikisia

Aristotle, yule Mgiriki mwenye elimu aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alijua kwamba ndege wengine husafiri. Hata hivyo aliandika pia kwamba wengine hujificha mashimoni wakati wa baridi. Watu wa Ulaya waliendelea kusadiki hivyo kwa karne nyingi. Kulikuwa na waliosema kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji ya maziwa mpaka joto lirudi.

Mwaka 1822 ulipatikana ushahidi wa ajabu. Karibu na Klütz, kaskazini ya Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umepenya shingoni mwake. Mkuki ule, wenye urefu wa kama sentimita 80, ulikuwa wa mti wa Afrika. Maana yake ni kwamba mwindaji mmoja wa Afrika alimchoma ndege yule, naye hakufa, bali aliruka na mkuki wake mpaka Ulaya. Korongo huyo alikaushwa, na hata leo yuko katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwindaji hakujulikana jina, lakini mkuki wake ulijibu swali ambalo wataalamu walikuwa wakibishania.

Pete ya mwalimu

Lakini hatuwezi kungoja mikuki. Ilitakiwa njia ya kumtia ndege alama bila kumwumiza. Aliyefanikiwa alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Viborg, nchi ya Denmark, jina lake Hans Christian Mortensen. Kwanza, mwaka 1890, alijaribu pete za zinki, akaona ni nzito mno. Mwaka 1899 alitumia pete za alumini, ambazo ni nyepesi, akawavisha miguuni ndege 165 wa jamii ya kwezi. Katika pete aliandika namba na jina la mji wake. Basi mtu yeyote akimpata ndege yule popote, aliweza kumpelekea habari.

Kazi hiyo ilienea upesi. Mwaka 1901 Johannes Thienemann alianzisha kituo cha kuchunguza ndege huko Rossitten, pwani ya Bahari ya Baltiki, na Waingereza walianza kazi ya pete mwaka 1909. Mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete huko Staffordshire, Uingereza. Mwezi wa Desemba 1912 alipatikana Natal, Afrika ya Kusini. Hapo hadithi ya kulala chini ya maji ikafa.

Hata hivyo pete ina upungufu wake. Inatuambia mahali pawili tu: ndege alipovishwa, na alipopatikana, mara nyingi akiwa mzoga. Alipopita katikati, hatujui. Tena yahitaji mtu wa kumwona ndege, kuisoma pete, na kuandika barua. Ndege akianguka nyikani, au mikononi mwa mtu asiyejua maana ya pete ile, habari imepotea.

Chombo kinachosema kutoka angani

Mwaka 1978 Ufaransa na Marekani zilianza kutumia mpango uitwao Argos, ambao setilaiti zake, zikiizunguka dunia, husikiliza ishara zinazopelekwa na vyombo vidogo vilivyo ardhini na baharini. Wataalamu wakafikiri: kwa nini chombo kama hicho kisifungwe mgongoni mwa ndege? Mwaka 1984 tai mmoja wa Marekani, wa aina ile yenye kichwa cheupe, alifungwa chombo hicho, na safari yake ikafuatwa kwa setilaiti.

Labda mtauliza setilaiti hutambuaje mahali alipo ndege. Fikirini mmesimama kando ya barabara kuu, na basi linakuja mbio likipiga honi. Likikaribia, sauti yake ni nyembamba. Likishapita, sauti hugeuka kuwa nzito. Mtu aliyefumba macho aweza kujua basi lilimpita wakati gani. Setilaiti hufanya vivyo hivyo. Hupima jinsi ishara ya chombo inavyobadilika inapokaribia na inapokwenda mbali, na kwa hesabu hujulikana mahali chombo kilipo.

Vyombo vya kwanza vilikuwa vizito, vikafaa ndege wakubwa tu. Kwa kawaida uzito wa chombo hautakiwi kuzidi sehemu 3 mpaka 5 katika mia ya uzito wa ndege, asije akashindwa kuruka. Miaka ilivyopita vyombo vilipungua uzito, na vingine vikapata nguvu kutoka kwa jua. Siku hizi viko hata vinavyopeleka habari kwa njia ya simu za mkononi. Mwaka 2019 wataalamu wa Urusi walikuwa wakiwafuata tai wa nyika kwa njia hiyo. Tai mmoja, jina lake Min, alikaa majira ya joto huko Kazakhstan mahali pasipo na mtandao wa simu, kisha akaruka mpaka Iran. Huko chombo chake kikapeleka ujumbe wote wa miezi kwa mara moja, na bei ya kila ujumbe ilikuwa kubwa mno. Fedha za wataalamu zikaisha! Iliwabidi kuomba msaada wa watu wa kuwalipia tai simu, na mwishowe kampuni ya simu ikawasamehe deni.

Mwewe waliokuwa hawarudi

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo tunapoona faida ya elimu hii.

Katika mbuga za magharibi ya Kanada na Marekani yuko ndege aitwaye mwewe wa Swainson. Huko hulea makinda yake kwa panya na wanyama wengine wadogo. Baridi ikikaribia, huondoka kwa makundi makubwa, hupita Mexico na Panama, na kushuka mpaka Argentina, safari ya kilomita 10,000 na zaidi kwenda tu. Huko Argentina chakula chake kikubwa ni panzi. Kwa sababu hiyo Waargentina wamempa, kwa Kihispania, jina lenye maana ya mwewe wa nzige.

Kaskazini ya California mtaalamu mmoja, Brian Woodbridge, aliona kwamba baadhi ya mwewe aliokuwa akiwachunguza hawarudi. Kwao hakuona sababu: chakula kilikuwapo, na miti ya kujengea matago ilikuwapo. Kama walikuwa wakifa, basi walifia mbali. Lakini wapi? Argentina ni nchi kubwa. Mwaka 1994 mwewe wakafungwa vyombo vya setilaiti, na ishara zao zikaonyesha mahali: mashamba ya jimbo la La Pampa.

Mapema mwaka 1995 Woodbridge na wenzake walikwenda huko. Walikuta mwewe wengi wakiwa hai, lakini walikuta pia mizoga. Walipata kama mwewe 700 waliokufa. Majira yaliyofuata, ya 1995 na 1996, uchunguzi mkubwa zaidi ulipata mizoga zaidi ya 5,000, na ikakisiwa kwamba jumla ya waliokufa yafikia 20,000.

Kilichowaua ni dawa ya kuua wadudu iitwayo monokrotofosi. Wakulima waliinyunyiza mashambani kuwaua panzi waliokuwa wakiharibu alizeti na majani ya kulishia ng'ombe. Mwewe, wakiona panzi wengi, walikusanyika papo hapo. Wengine walinyunyiziwa dawa, wengine walikula panzi wenye sumu, wakafa kwa mamia.

Wasikilizaji, tusiwahukumu wakulima wale haraka. Hawakuwa na chuki na mwewe. Walikuwa wakiokoa mazao yao, kama ambavyo ningefanya mimi, na kama ambavyo mngefanya ninyi. Lakini katika kumwua panzi walikuwa wakimwua na msaidizi wao, ambaye huwala panzi bure bila kudai mshahara. Habari ilipojulikana, serikali ya Argentina, wakulima, wataalamu wa Marekani na wenye kutengeneza dawa walikaa pamoja. Matumizi ya dawa ile yalizuiwa, wakulima wakafundishwa kutumia nyingine, na vifo vikapungua sana. Mwaka 1999 Argentina iliipiga marufuku dawa ile kabisa.

Kozi wanaosafiri kwa kaskazi

Turudi sasa kwa kozi wetu wa Amur. Ndege huyu ana uzito wa kama gramu 150 tu, lakini kwenda na kurudi husafiri kama kilomita 22,000 kila mwaka. Akitoka China na Siberia hupita kaskazini-mashariki ya Bara Hindi, katika jimbo la Nagaland. Huko, penye bwawa la Doyang, hupumzika kwa maelfu na maelfu katika miezi ya Oktoba na Novemba, akila kumbikumbi ili apate mafuta ya safari.

Mwaka 2012 ulimwengu ulipata habari za kusikitisha kutoka Doyang. Wavuvi walikuwa wakitandika nyavu zao juu ya miti ambako kozi hulala. Ilikisiwa kwamba katika majira hayo walikamatwa kozi 120,000 au zaidi, wakauzwa kwa kuliwa. Hapa pia kulikuwa na sababu. Bwawa lilikuwa limefunika sehemu ya ardhi ya wanavijiji, nao walitafuta riziki ilipopatikana.

Lakini walipoelezwa habari za ndege hawa, atokako na aendako, mabaraza ya vijiji, makanisa na serikali walikubaliana kuyakomesha mauaji. Mwaka 2013 nyavu hazikutandikwa. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo kozi watatu walifungwa vyombo vya setilaiti vyenye uzito wa gramu 5. Waliitwa Naga, Wokha na Pangti, kwa majina ya watu na mahali pa huko, na Pangti ni jina la kijiji kimojawapo kilichokuwa kikiwinda. Ishara za Wokha zilikatika mapema. Naga na Pangti walivuka Bara Hindi, kisha Bahari ya Arabu, mwendo wa kama kilomita 3,000 juu ya maji pasipo pa kutua, wakaingia Afrika na kushuka mpaka kusini.

Je, ndege mdogo hivyo awezaje? Watu wa pwani mtajibu wenyewe. Safari ile hufanywa wakati wa kaskazi, upepo ule ule uliowaleta mababu wa manahodha na majahazi yao kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kozi hungoja upepo wa nyuma kama nahodha mwenye akili. Tai na mwewe wakubwa hawawezi hivyo, kwa kuwa hutegemea hewa ya joto ipandayo kutoka nchi kavu ili waelee bila kupiga mabawa sana, na juu ya bahari hewa hiyo ni haba. Ndiyo maana wao hupitia mahali pembamba, kama vile Suez, Bosphorus na Bab el-Mandeb, ambapo huonekana kwa wingi mno.

Mafunzo yake

Twajifunza nini? Kwanza, elimu hii haikuletwa na mtu mmoja, wala na taifa moja. Yumo mwindaji wa Afrika, mwalimu wa Denmark, mtaalamu wa California na wanavijiji wa Nagaland. Pili, ndege msafiri hana nchi moja. Nchi moja yaweza kumtunza miezi sita, na nyingine ikammaliza kwa wiki moja bila kukusudia. Kwa ajili hiyo mataifa ya Afrika, Ulaya na Asia yalikutana Abu Dhabi mwaka 2008, yakafanya mapatano ya kuwahifadhi ndege wawindao wasafirio.

Tatu, jambo hili latuhusu sisi. Mwaka 2020 nzige wa jangwani walipoivamia Kenya na Uganda, ilibidi dawa itumike, maana watu hawawezi kuacha mazao yao yaliwe. Lakini swali la dawa gani, wapi, na wakati gani, ni lile lile la La Pampa. Kozi anayeshuka shambani kwako mwezi wa Desemba ametoka mbali, na kuna watu wa lugha usiyoijua waliokunja nyavu zao ili afike.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Pete ya Mortensen inatuambia nini, na ni nini isichoweza kutuambia?
2. Mwewe walikufa Argentina, lakini upungufu ulionekana California. Elezeni sababu.
3. Katika sehemu yenu, ni ndege gani huja na mvua na kuondoka baadaye? Waulizeni wazee wanawaitaje, kisha andikeni tarehe ya kwanza mnayowaona mwaka huu.
4. Ni dawa gani za wadudu zinazotumika katika mashamba yenu, na nani huwaelezeni habari zake kabla hamjazinunua?