Ndege ya Nani Hiyo?

Kwenye rafu yangu ya vitabu, mbele ya riwaya, zimepangwa ndege 11 za kivita. Zote ni jeti, zote za plastiki, na kubwa kuliko zote haifiki urefu wa rula ya shule. Mgeni akiingia huuliza kwanza kama nina mtoto wa kiume. Nikimwambia ni zangu, kwamba vipande nimevikata mwenyewe kutoka kwenye fremu zake, nikavipiga msasa, gundi na rangi, hucheka kidogo kwa adabu, halafu tunahamia kwenye mambo mengine. Simlaumu. Mtu mzima anayekusanya midoli ya vita ana maelezo ya kutoa. Haya ndiyo yangu.

Tuanze na namba. Kwenye maboksi mengi ya modeli hizi imeandikwa 1/72, maana yake ndege halisi imepunguzwa mara 72. Kwa nini 72, na si 50 au 100? Ni hesabu ya Waingereza waliokuwa wakipima kwa inchi na futi. Futi 6 ni inchi 72, kwa hiyo mtu wa futi 6 ukimpunguza kwa skeli hiyo anabaki inchi moja kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mwingereza James Hay Stevens aliitumia kwenye modeli za mbao zilizoitwa Skybirds. Mwaka 1936 watu wa FROG, ambao tayari walikuwa wakiuza ndege ndogo zinazoruka, wakaleta za plastiki kwa skeli hiyohiyo, wakaziita Penguin. Jina lilikuwa utani: zilikuwa ndege, lakini haziruki.

Mpaka hapo tulikuwa kwenye mchezo. Mwaka 1942 mchezo ukaandikishwa jeshini. Marekani ilikuwa ndiyo kwanza imeingia kwenye Vita Kuu ya Pili, na Jeshi lake la Wanamaji likawaomba wanafunzi wa shule watengeneze modeli 500,000 za ndege za kila upande, kwa skeli ya 1/72, zote zipakwe rangi nyeusi. Nyeusi kwa sababu ndege ikiwa juu huoni rangi yake wala alama zake, unaona umbo tu. Na hesabu ya 72 ilikuwa na faida yake: modeli ukiitazama kutoka mita 10, unaiona kama ungeiona ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Waliokaa kwenye mizinga ya kutungulia ndege walizitazama modeli hizo kwa kila upande, mpaka waweze kujibu swali moja bila kusitasita: ya kwetu hiyo, au ya kwao?

Sisi wakusanyaji huwa tunaruka sehemu hii. Tunapenda kusimulia Airfix, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria, ambayo miaka ya mwanzo ya 1950 ilianza kuuza meli na ndege za plastiki kwenye vifuko vya bei rahisi katika maduka ya Woolworths. Halafu zikaja jeti, Vita Baridi ikazipa sifa, na chumba cha mvulana wa Uingereza au Marekani kikawa na kikosi kizima kinachoning'inia darini kwa uzi. Lakini lile swali la mpiga mzinga lilikuwa bado limo ndani ya boksi. Skeli ilikuwa ileile.

Kuna kisa kimoja kinachonichekesha kila nikikikumbuka, hasa kwa kuwa fasihi nayo imo. Mwaka 1986 kampuni ya Testors ilitoa modeli ya ndege iliyoiita F-19, ndege ya siri ambayo rada haiioni. Serikali ya Marekani ilikuwa haijakiri kwamba ina ndege ya aina hiyo. Mbunifu wake, John Andrews, alikisia umbo kutokana na kanuni za rada na habari zilizokuwa zimechapishwa. Mwaka huohuo Tom Clancy akairusha F-19 kwenye riwaya yake ya Red Storm Rising. Bungeni Marekani wakaanza kuulizana: inakuwaje kitu ambacho mbunge haruhusiwi kukiona kinauzwa dukani kwa watoto? Novemba 1988 ndege yenyewe ikatangazwa. Jina lake F-117, na haikufanana na modeli hata kidogo. F-19 ilikuwa ya mviringo, laini kama kokoto ya mtoni. F-117 ilikuwa imekatwakatwa pembe kama karatasi iliyokunjwa. Kwa miaka miwili watu walikuwa wameibandika gundi kwa uangalifu mkubwa ndege ambayo haikuwahi kuwepo.

Kisa hicho kinachekesha kwa sababu hakuna aliyeumia kwa kukosea umbo. Kwetu kukosea umbo kuliua.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Uganda ilikuwa na ndege za MiG kutoka Urusi ya Kisovieti. Tanzania nayo ilikuwa na MiG za Kisovieti na ndugu zake zilizoundwa China. Yaani pande mbili zinazopigana zilikuwa zikirusha ndege za ukoo mmoja, zenye pua ileile na mabawa yaleyale. Katika siku za mwanzo za vita, askari wetu wa ulinzi wa anga kule Musoma waliziona ndege za kijeshi zikija, wakazitungua. Zilikuwa zetu. Marubani wetu waliuawa na watu wetu, na sidhani kuna aliyefanya hivyo kwa uzembe. Waliulizwa lile swali la 1942 na anga likawapa sekunde chache za kujibu.

Machi 1979 Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilituma ndege ya Tu-22 kulipua hifadhi ya mafuta Mwanza. Mabomu yakakosea, yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Hayo ndiyo matumizi halisi ya jeti ninazozipaka rangi kwa brashi yenye nywele tatu.

MiG-21 yangu ina urefu wa sentimita 20 hivi. Mabawa yake, ambayo kwenye ndege halisi ni mita 7 na kidogo, hayafiki upana wa kiganja changu. Zaidi ya 10,000 ziliundwa, kwa hiyo boksi lake huja na stika za nchi kadhaa, na kazi ya mkusanyaji ni kuchagua: nchi gani, kikosi gani, mwaka gani. Nilikuwa nimemaliza kila kitu isipokuwa stika, siku baba mdogo alipokuja kututembelea. Alikuwa mgambo kwenye vita ile, na kwa kawaida haizungumzii.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hii ni nini?"

Nikamwambia. Aliichukua taratibu. Mimi ndege hizi nazitazama kwa ubavu au kwa juu, kama zilivyopigwa picha kwenye boksi. Yeye aliinyanyua juu ya kichwa, tumbo la ndege likimtazama, akafumba jicho moja.

"Hapo sawa," akasema. "Sisi tuliziona hivi."

Nikamuuliza walikuwa wanajuaje ni ya nani.

"Hatukujua. Ukisikia mngurumo, unalala chini kwanza. Ikishapita ndiyo mnaulizana."

Akairudisha kwenye rafu, akaomba chai.

Nimesoma mengi kuhusu MiG-21: injini yake, aina zake, nani alinunua ngapi. Karibu yote yameandikwa na mtu aliyesimama usawa wa ndege au aliyeketi ndani yake. Modeli nazo ndivyo zilivyo. Hakuna boksi lililowahi kuniletea mtu wa inchi moja aliyelala kifudifudi. Na ukiniuliza, huyo ndiye aliyeipa skeli ya 1/72 maana, yule wa chini anayetazama juu na hajui.

Sijaacha kukusanya, na sitawadanganya kwamba nitaacha. Mikono yangu inaipenda kazi hii. Ila ile MiG sikuibandika stika yoyote. Niliitoboa mgongoni, nikaifunga uzi, nikaitundika darini juu ya kiti ninachosomea. Wageni wanapouliza ni ya nchi gani, nawaambia wakae kwanza, waitazame, waniambie wao.