NANI ANAMWIMBIA MWANAO?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu yangu Muislamu, baba na mama unayesoma hapa, leo tuzungumze juu ya kitu kinachoingia majumbani mwetu kila asubuhi: katuni za watoto zenye nyimbo. Wengi mnauliza, "Sheikh, halali au haramu?" Nitalifikia hilo. Lakini kwanza tujue jambo lenyewe lilikotoka, maana anayehukumu asichokijua hukisia tu.

Kumfundisha mtoto kwa sauti ya kughani si jambo geni kwetu. Kule Misri, mwaka 1198 Hijria, sawa na takriban 1784 Miladia, Sheikh Sulayman al-Jamzuri alitunga Tuhfatul Atfal, yaani Zawadi ya Watoto. Ni beti 61 za hukumu za tajwid. Maelezo matupu mtoto huyasahau, beti hukaa kifuani. Ndiyo maana zaidi ya miaka mia mbili baadaye bado zinahifadhiwa madrasani.

Sasa twende Marekani. Miaka ya 1960 mama mmoja mtengenezaji wa vipindi, Joan Ganz Cooney, alitazama watoto wadogo wa nchi yake akaona ajabu: hawajui herufi, lakini wanaimba nyimbo za matangazo ya bia! Zingatia hapo. Hakuna mzazi aliyewafundisha. Runinga iliwafundisha kwa wimbo mfupi unaorudiwa. Akajiuliza: ikiwa wimbo unaweza kuuza pombe, kwa nini usifundishe kuhesabu? Yeye na wenzake wakakaa pamoja, walimu, wataalamu wa watoto, watunzi wa nyimbo, mafundi wa vikaragosi na wachora katuni. Tarehe 10 Novemba 1969 kikaanza kipindi cha Sesame Street.

Hawakubahatisha. Kabla ya kurusha, walimweka mtoto mbele ya kipindi, na pembeni wakaweka picha nyingine zinazobadilika kila baada ya sekunde chache. Mtoto akigeuza macho, wakajua sehemu hiyo imemchosha, wakaitengeneza upya. Ewe mwalimu wa madrasa, jiulize: mwanafunzi akigeuza macho, sisi hutengeneza somo au hunyanyua bakora?

Kipindi hicho kilionyesha mtaa mmoja wenye watu weusi na weupe wakiishi na kucheza pamoja. Mwaka 1970, tume ya runinga ya jimbo la Mississippi ikapiga kura kisionyeshwe huko, kwa sababu ya mchanganyiko huo wa rangi. Watu walipopiga kelele, haukupita mwezi uamuzi ukabatilishwa. Je, waliogopa herufi na namba? La. Waliogopa mtoto wa miaka minne kuona kwamba jirani wa rangi nyingine ni mtu kama yeye.

Na sisi tumefundishwa nini? Katika Suratul Hujurat Allah anatueleza kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu ni mchamungu zaidi. Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W), naye akamsitiri Bi Aisha (R.A) huku akiwatazama mpaka akatosheka mwenyewe. Basi mtoto wa Kiislamu kuona watu wa lugha na mavazi tofauti si hatari kwa dini yake.

Ndugu zetu Waarabu wa Ghuba walilitazama jambo hili kwa busara. Mwaka 1979, kutoka Kuwait, kikaanza Iftah Ya Simsim. Walichukua njia, wakaweka vya kwao: ngamia Nu'man, kasuku Melsoon, na watu wa Kiarabu. Kisha likaja suala la lugha, kwani kila nchi ina Kiarabu chake cha mtaani. Wapo waliohofu kuwa watoto hawataelewa fus-ha. Ikachaguliwa fus-ha nyepesi, na watoto wa nchi mbalimbali wakaifuata. Mwaka 1990 Kuwait ilipovamiwa kazi ikasimama, na kipindi hakikurudi mpaka 2015. Miaka 25! Kujenga ni kazi, kubomoka ni siku moja.

Hapa kwetu, mwaka 2014 Ubongo Kids ya Dar es Salaam ilianza kurushwa, ikifundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Ikafuata Akili and Me kwa wadogo zaidi, yenye mtoto wa kike anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Na Wamalaysia, Waislamu wenzetu, tangu 2017 wanatoa Omar & Hana: nyimbo fupi za katuni zinazofundisha dua na adabu.

Sasa hukumu. Kuhusu ala za muziki, wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamezikataza, na wengine kama Ibn Hazm wakaruhusu. Ninayosomesha mimi ni sauti na dufu, na humo hakuna dhiki. Lakini usimfanye mtoto mdogo kama mzee wa miaka sitini. Bi Aisha alikuwa na wanasesere wake, akiwemo farasi mwenye mbawa, na Mtume (S.A.W) alipomwona akacheka. Siku ya Idi mabinti wawili waliimba nyumbani kwake, Abubakar (R.A) akakemea, Mtume akamwambia awaache.

Kwa hiyo, mzazi, usimkabidhi mtoto simu ukaenda zako, kwa maana hapo muuza bidhaa yeyote atamwimbia. Kaa naye, sikiliza maneno, chagua. Na ukiondoa kibaya, weka kizuri mahali pake, maana moyo wa mtoto haukai mtupu.

Na nyinyi vijana wenye vipaji vya kuchora na kughani, mwenye sauti nzuri ya kaswida na mwenye kompyuta wakutane. Matajiri wetu, sadaka haiishii kwenye saruji ya msikiti. Watoto watakaoujaza msikiti huo wanaimbiwa sasa hivi. Na nani?

Allah atulindie vizazi vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.