Gitaa Kuukuu: Asili ya Ugonjwa Wake na Dawa Yake

Mwaka uliopita kijana mmoja aliyesoma shuleni petu zamani alitujia jioni, gitaa kuukuu mkononi, akatuuliza kama lafaa kununuliwa. Yeye ni fundi wa baiskeli, na bei aliyotajiwa ilikuwa sawa na akiba yake yote tangu mavuno. Tulilitazama. Lilikuwa na nyuzi tatu tu badala ya sita, ubao wa mgongo una ufa wa urefu wa kidole, na daraja, yaani kile kipande cha mti kishikacho nyuzi juu ya tumbo la gitaa, limeinuka kidogo upande wa nyuma. Tukamwomba atuachie siku mbili, maana hatukupenda kusema neno la kubahatisha juu ya akiba ya mtu.

Katika siku zile mbili tulifungua vitabu tulivyo navyo, tukamwuliza na seremala wetu. Tuliona jambo ambalo hatukulitazamia: karibu kila ugonjwa wa gitaa kuukuu una asili yake katika historia ya magitaa ya bei nafuu. Ajuaye asili hiyo aweza kupambanua ugonjwa uponyekao na ule usioponyeka, naye hatanunua kuni kwa bei ya gitaa.

Umbo la gitaa tulijualo leo lilikamilishwa nchi ya Hispania na fundi aitwaye Antonio de Torres, aliyezaliwa karibu na mji wa Almería mwaka 1817, akafariki mwaka 1892. Torres aliukuza mwili wa gitaa, akaufanya ubao wa uso kuwa mwembamba, na chini ya ubao huo akagandisha vijiti vilivyotandazwa mfano wa upepeo. Mwaka 1862 alifanya jambo la ajabu. Alitengeneza gitaa ambalo mbavu zake na mgongo wake ni karatasi nene iliyogandishwa, wala si mti; uso peke yake ndio uliokuwa wa ubao mzuri. Alitaka kuonyesha ya kuwa sauti ya gitaa hutoka hasa katika uso. Gitaa lile limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Barcelona. Tulipokwisha kusoma habari hii, ule ufa wa mgongoni ulikoma kututia hofu. Ufa wa uso karibu na daraja ungalikuwa shauri jingine.

Kutoka Hispania yatupasa kuvuka bahari, kwa kuwa gitaa la maskini lilipata nguvu zake hasa katika Marekani. Mjerumani mmoja, Christian Frederick Martin, alihamia huko mwaka 1833, na baadaye akakaa Nazareth katika Pennsylvania, mji wa Wamoravian, ndugu wa wale waliofika Rungwe mwaka 1891. Magitaa yake yalisifiwa sana, lakini mkulima wa kawaida hakuyaweza kwa bei. Mkulima huyo aliletewa lake na posta. Tangu mwaka 1896 serikali ya Marekani ilianza kupeleka barua mpaka milangoni pa watu wa mashamba, na mwaka 1913 ikaanza kupeleka na vifurushi. Maduka makubwa ya Chicago, kama Sears, Roebuck, yalichapa vitabu vinene vyenye picha na bei za vitu, tangu jembe hata gitaa, na gitaa la chini kabisa liliuzwa kwa dola chache tu. Katika mji uo huo palikuwapo kiwanda cha Harmony, kilichoanzishwa mwaka 1892. Sears walikinunua mwaka 1916. Huko Jersey City kiwanda cha Oscar Schmidt kilitengeneza magitaa yaitwayo Stella, na mwimbaji Huddie Ledbetter, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lead Belly, alipiga Stella la nyuzi kumi na mbili. Mwaka 1939 Harmony walilichukua jina la Stella nalo.

Sasa, kiwanda chaweza vipi kuuza gitaa kwa dola chache? Kwanza, hutumia mbao za kawaida, kisha huzipaka rangi na michirizi ili zifanane na mti wa thamani. Hilo si dhambi kubwa, ingawa mnunuzi asidanganywe na rangi. Achungulie ndani kwa tundu, aone mti wenyewe. Pili, vijiti vya chini ya uso hupangwa kukatiza tu kama vidato vya ngazi, kazi iliyo nyepesi kuliko ile ya Torres au ya Martin. Tatu, na hapa ndipo mashaka mengi yalipoanzia, kiwanda kilitia nyuzi za chuma.

Zamani nyuzi za gitaa zilikuwa za utumbo wa mnyama. Zilikuwa ghali, nazo zikikatika upesi. Uzi wa chuma ni rahisi na una sauti kubwa, basi tangu miaka ya 1900 ulienea. Lakini uzi wa chuma huvuta kwa nguvu. Nyuzi sita za chuma, hata zile nyembamba, zikikazwa sawasawa huvuta kwa uzito wa kilo 70 hivi, ambapo nyuzi laini huvuta kwa kilo 40 tu. Fikiri mtu mzima akining'inia mchana na usiku katika kijiti chembamba kama shingo ya gitaa! Baada ya miaka shingo huinama mbele kama upinde, na daraja hubanduka.

Mafundi walitafuta dawa. Wengine walizipitisha nyuzi juu ya daraja zikafungwe kwenye kipande cha chuma nyuma kabisa ya gitaa, daraja lipumzike. Katika kiwanda cha Gibson mjini Kalamazoo, fundi Thaddeus McHugh alibuni ufito wa chuma upitao ndani ya shingo, ambao waweza kukazwa ili kuinyosha. Alipata hati ya ubunifu wake mwaka 1923. Lakini ufito huo una gharama yake, hivyo magitaa ya bei ndogo yalikaa miaka mingi bila huo. Mengine yalitiwa chuma kisichokazwa wala kulegezwa, na sifa zake zikaandikwa pale kichwani pa gitaa.

Kwa hiyo mnunuzi aanze na shingo, asianze na rangi. Alishike gitaa kama mtu atazamaye unyofu wa mshale, jicho lake likifuata shingo tangu kichwani. Kisha abonyeze uzi mmoja mahali pawili kwa mara moja, karibu na kichwa na pale shingo inapokutana na mwili, aangalie nafasi iliyobaki katikati, kati ya uzi na vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo. Nafasi ya unene wa kadi ni afya. Ikipita sarafu, shingo imepinda; na kama haina ufito wa kukaza, mrudishie mwenyewe gitaa lake kwa adabu.

Nyuzi laini za leo si utumbo tena. Katika Vita Kuu ya Pili utumbo ulihitajiwa kushonea majeraha, ukaadimika, ndipo Albert Augustine wa New York akatengeneza nyuzi za nailoni, akisaidiwa na shauri la mpigaji mkuu wa Hispania, Andrés Segovia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 zilikuwa zikiuzwa. Tangu hapo magitaa yamekuwa makabila mawili, na kuyachanganya ni hatari. Gitaa ambalo nyuzi zake hufungwa fundo katika daraja ni la nailoni. Lile ambalo nyuzi hushikwa na vijiti vidogo vilivyochomekwa katika daraja ni la chuma. Mtu akitia chuma katika la nailoni, uso utavimba na daraja litang'oka. Tumekwisha kuona magitaa mawili yaliyokufa hivyo, yote mikononi mwa watu wenye akili.

Na Afrika je? Vyombo hivi vya bei ndogo vilifika huku zamani, tena si kwa njia ya Ulaya peke yake, maana Afrika ya Kusini ilitengeneza vyake. Gitaa moja la huko, la jina la Gallotone, lilisafiri kinyume cha desturi: lilifika Uingereza, likawa mali ya kijana John Lennon wa Liverpool. Katika Katanga, kwenye miji ya machimbo ya shaba, gitaa lilipata mabingwa waimbao kwa Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jean-Bosco Mwenda akipiga njiani katika mji wa Jadotville, uitwao leo Likasi, akamrekodi hapo hapo. Wimbo wake "Masanga" ukasikika mbali. Bosco alitumia kidole gumba na cha shahada tu, na bado msikilizaji hudhani wanapiga watu wawili. Wako na wengi ambao hawakuwa na fedha hata ya gitaa bovu. Wao walitengeneza lao kwa debe, wakatia nyuzi zilizofumuliwa katika waya wa breki ya baiskeli.

Turudi kwa kijana wetu. Shingo ilikuwa nyofu na uso mzima, basi tukamwambia anunue, lakini kwanza ahesabu bei ya nyuzi mpya na ya gundi, kisha amwonyeshe muuzaji daraja na ufa. Alipunguziwa theluthi.

Daraja lilitengenezwa na seremala. Viwanda vya zamani vilitumia gundi ya ngozi za wanyama, ambayo hulegea kwa joto na maji, nayo ni rehema kwa fundi ajaye baadaye. Alipasha moto kisu chembamba, akakipenyeza polepole, daraja likatoka bila kung'oa hata uzi wa mti. Akakwangua gundi ya zamani, akapaka mpya, akabana. Alitukataza kabisa ile gundi ya dukani ikaukayo mara moja, kwa kuwa ikishika, atakayelifungua daraja tena atalivunja.

Kosa lililofuata lilikuwa letu. Asubuhi yake, kwa hamu ya kusikia sauti, tulizikaza nyuzi zote kabla gundi haijakauka, na hata saa sita daraja lilikuwa limeinuka tena. Seremala hakusema kitu. Alipasha kisu chake moto mara ya pili, nasi tukangoja siku tatu. Ufa wa mgongo aliuziba kwa kibanzi cha mti kwa ndani, na funguo za kukazia nyuzi zilitaka mafuta ya cherehani tu.

Miezi minane imepita, na shingo ingali imenyoka. Uzi wa tatu hulia vibaya ukibonyezwa karibu na kichwa, kwa sababu kimoja cha vile vyuma vidogo kimesimama juu kuliko wenzake. Kijana ameazima tupa ya seremala, naye asema atakishughulikia baada ya mavuno.