Daishan Dao

Daishan Dao, iliyo mashuhuri zaidi kwa lakabu yake ya Safina ya Amani, ni merikebu ya hospitali ya Jeshi la Wanamaji la China, iliyoingia kazini mwaka 2008, yenye vitanda 300 na vyumba 8 vya upasuaji, ambayo dola hiyo huituma ng'ambo wakati wa amani kuwatibu raia wa mataifa mengine. Safari yake ya kwanza ya namna hiyo, mwaka 2010, iliifikisha Djibouti, Mombasa, Dar es Salaam, Shelisheli na Bangladesh. Na mwaka 2013 ilipelekwa Ufilipino baada ya tufani ya Haiyan, China ikiwa imekwisha kulaumiwa kwamba msaada wake wa awali ulikuwa haba. Dar es Salaam iliipokea tena mwaka 2017 na 2024. Matibabu hutolewa bila ujira, na manufaa yake kwa wagonjwa ni ya hakika. Walakini matabibu wenyewe ni wanajeshi, na kila ziara huwazoesha mabaharia bahari za mbali, huwakutanisha maofisa wao na wa nchi mwenyeji, na kuithibitisha heshima ya China pasipo vita. Marekani ilitangulia katika njia hii kwa merikebu Mercy na Comfort, zenye vitanda 1,000 kila moja.