Dada Ameondoka, Shule Imefungwa

Ijumaa ya kufunga shule, mwezi Juni, mwanangu alirudi na ripoti mkononi, akanirukia kwa furaha. Mimi nilikuwa nahesabu. Jumatatu saa tatu nina kikao cha habari. Baba yake yuko Mtwara kikazi. Mama yangu yuko Muleba anamuuguza baba, hawezi kumwacha hata siku mbili. Mdogo wangu yuko Mwanza, ana mapacha wachanga. Na dada wa kazi aliondoka Mei, kaenda kusoma ushonaji. Nilimsindikiza mpaka stendi, nikamkumbatia, nikamfurahia kweli kweli. Halafu nikarudi nyumbani nikalia.

Basi Jumatatu nikaenda na mtoto kazini. Alikaa chini ya meza yangu akichora mpaka saa saba. Bosi hakugomba. Alisema tu, kwa ule upole unaouma kuliko kugombezwa, kwamba chumba cha habari si chekechea. Ni kweli, si chekechea. Ila mwanangu ana miaka minane, hata huko chekechea hawamtaki.

Jioni nikampigia mama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka yote ya utoto wetu. "Mama, likizo ulikuwa unatuweka wapi?"

Akacheka. "Niwaweke wapi? Likizo yenu si ndiyo ilikuwa yangu? Na kahawa angechuma nani?"

Nilikuwa nimesahau. Kwetu Juni ni msimu wa kahawa. Hakuna aliyekuwa anatulea wakati wa likizo, tulikuwa kazini. Bibi alikuwa uani anaanika, sisi tuko juu ya miti, na mtu mzima yeyote aliyepita njiani alikuwa na ruhusa ya kukuchapa. Sisemi yalikuwa maisha mazuri. Migongo iliuma. Lakini swali la "mtoto atakaa na nani?" halikuwepo, kwa sababu kazi na nyumba vilikuwa sehemu moja.

Mji ulivitenganisha, na ulivitenganisha makusudi. Chini ya ukoloni, Mwafrika aliyeajiriwa Dar es Salaam alilipwa kama kapera: mshahara wa tumbo moja na kitanda kimoja. Mke na watoto walihesabiwa wako kijijini, shamba linawalisha. Waliohitaji mtu wa kuangalia nyumba na watoto mjini ni wenye majumba ya Oyster Bay, na waliowafanyia kazi hizo walikuwa zaidi wanaume. Boi, mpishi, dobi. Janet Bujra ana kitabu kizima juu ya jambo hili, Serving Class, kilichotoka mwaka 2000, kinachofuatilia jinsi kazi za ndani Tanzania zilivyohama taratibu kutoka kwa wanaume kwenda kwa wanawake. Nilikisoma chuoni kwa ajili ya mtihani. Mwaka huu nimekisoma tena kwa ajili yangu, maana yule mwanamke Mwafrika mwenye kazi ya ofisini, anayeajiri binti ili yeye mwenyewe aweze kutoka nyumbani, ni mimi.

Na majina yakabadilika pamoja na kazi. "Boi" lilimfanya mtu mzima kuwa mtoto, na ni vizuri limetutoka. "Yaya" limetoka mbali, kwa Wareno kupitia Wahindi. "Dada" ni letu. Ni neno la damu, na nadhani ndiyo maana tunalipenda: ukishamwita mtu dada, si rahisi kuulizana habari za mkataba, siku ya mapumziko na saa za kulala. Dada hadai saa za ziada. Mwanangu anamwita dada, mimi namwita dada, mgeni akija anamwita dada. Ilinichukua wiki mbili kujua jina la baba yake.

Serikali nayo haikukaa kimya. Umoja wa Wanawake, UWT, ulioundwa 1962, ulianzisha vituo vya kulelea watoto mchana ili mama aweze kufanya kazi. Mwaka 1981 vituo hivyo vikapata sheria yake, ambayo baadaye ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Lakini malezi ya mchana yalikuwa, na kwa mazungumzo yetu bado yapo hivyo, ni ya mtoto ambaye hajaanza shule. Akishavaa sare, ni wa mwalimu. Mwalimu akifunga darasa, ni wa nani? Ni wa bibi, tunadhani. Kila mtu ana bibi, si ndiyo?

Hebu tuhesabu. Mwaka wa masomo una siku 194. Toa kwenye 365, zinabaki 171. Toa Jumamosi na Jumapili, zinabaki 67. Toa sikukuu, tuseme zimebaki 50 na ushee. Sheria ya Ajira ya 2004 inanipa likizo ya siku 28 mfululizo, wikiendi humohumo, yaani siku 20 za kazi. Sheria hiyohiyo ilinipa siku 84 za uzazi, na saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba yake alipewa siku tatu. Kwa mtoto wa miaka minane mzima wa afya, anayeuliza kwa nini nzi hana damu nyekundu, hakuna siku yoyote. Pengo ni zaidi ya siku 30 kila mwaka, nami nilikuwa naliziba na binti wa watu.

Alikuja kwangu akiwa na miaka 17. Sheria inaruhusu ajira kuanzia 14, kwa hiyo sikuvunja kitu. Lakini asubuhi alipokuwa akimchemshia mwanangu uji wa kwenda nao shule, yeye mwenyewe alikuwa na umri wa kukaa darasani. Tangu 2016 sekondari za serikali hazina ada hadi kidato cha nne, na kule mtaani Tabata utasikia akina mama wakilalamika: siku hizi mabinti hawapatikani. Nimewahi kulalamika hivyo mimi mwenyewe, kwa mdomo huuhuu, wiki ileile niliyoandika habari ya kusifu elimu bila ada.

Mwaka huu sijatafuta dada mwingine. Mama Neema wa nyumba ya pili anauza vitafunwa, mzee wa mkabala ni mlinzi wa usiku anayelea wajukuu wawili. Tumepangiana zamu. Mzee amechukua Jumatatu na Jumanne, Mama Neema Jumatano na Alhamisi, mimi Ijumaa. Bosi amekubali Ijumaa niandikie nyumbani, kwa majaribio, amesisitiza.

Kesho ni Ijumaa. Watoto wanne, kilo moja ya maharage, na mahojiano ya simu saa nne na mtu wa wizarani. Nimeshamtumia ujumbe kwamba akisikia mtu analia, asikate.