Dekano, Profesa na Chupa ya Umeme

Vyombo vya kuonyeshea umeme vilivyotumika Ulaya katika karne ya 18 sasa vimo katika makabati ya majumba ya makumbusho, kama lile la Boerhaave mjini Leiden, Uholanzi. Humo mna matufe ya kioo, mirija ya madini, na chupa zilizovikwa bati jembamba. Mtazamaji aweza kuvidhania kuwa vitu vya kuchezea, na kwa sehemu ndivyo vilivyokuwa. Hata hivyo, Wajerumani wawili waliovitumia, mmoja profesa wa Wittenberg na mwingine dekano wa kanisa, wametuachia swali lihusulo kazi yetu kama lihusuvyo fizikia: mtu aliyeona jambo la ajabu awiwa nini na wale ambao hawakuliona?

Profesa ni Georg Matthias Bose, aliyeanza kufundisha Wittenberg mwaka 1738. Mashine yake ilikuwa tufe la kioo lililozungushwa kwa gurudumu huku mikono mikavu ikilisugua. Bose aliongeza mrija wa bati uliotundikwa kwa kamba za hariri. Kwa kuwa hariri haipitishi umeme, umeme ulikusanyika katika mrija, na cheche zilizotoka humo zilikuwa kubwa kuliko zote zilizopata kuonekana kabla yake. Hii ilikuwa kazi ya kweli, nayo yastahili heshima.

Lakini Bose alipenda kushangaza watu. Onyesho lake mashuhuri aliliita kwa Kilatini beatificatio, neno ambalo Kanisa Katoliki hulitumia kwa kumtangaza marehemu kuwa mwenyeheri. Mtu aliketishwa juu ya mabamba ya lami ili umeme usimtoke kwenda ardhini, kisha akaunganishwa na mashine gizani. Taratibu nuru ilipanda mpaka ikamzunguka kichwa, kama taji la watakatifu katika picha za kale. Kwamba mambo hayo yalifanyika katika mji wa Luther ni kichekesho ambacho, nadhani, Bose mwenyewe alikiona.

Mjini London, William Watson alijaribu kufanya hivyo hivyo, tena na tena, asipate taji lolote. Alipomwandikia Bose, hatimaye akajibiwa kwamba aliyeketi alikuwa amevaa vazi la vita: dirii na chapeo, kama vile vya Waefeso 6, vyenye vipambo vya chuma vilivyochongoka. Ncha kali za madini huachia umeme hewani, na gizani huonekana ukiwaka. Basi nuru haikuwa ya uongo. Kilichofichwa ni chanzo chake.

Dekano ni Ewald Georg von Kleist, wa Kanisa Kuu la Kammin katika Pomerania, mji ambao leo umo Polandi. Tarehe 11 Oktoba 1745 alitia msumari katika chupa ndogo ya dawa, akaishika chupa kwa mkono mmoja na kuugusisha msumari kwenye mashine. Alipougusa msumari kwa mkono wa pili, alipigwa pigo lililomtikisa mkono na bega. Hakuna cheche ya mashine peke yake iliyopata kuwa na nguvu hiyo. Kabla mwaka haujaisha aliwaandikia wataalamu wa Berlin na Halle, na pia mhubiri wa Danzig, Paul Swietlicki.

Wengi wa waliopokea habari hizo walijaribu, wakashindwa. Kleist hakuficha kitu kwa kusudi, kama Bose. Ila maelezo yake hayakuweka wazi vya kutosha kwamba chupa lazima ishikwe mkononi wakati wote inapojazwa. Kumbe siri yote ilikuwa hapo. Kioo hutenganisha pande mbili: ndani hukusanyika umeme wa namna moja, na nje, kwa njia ya mkono na mwili wa mshikaji aliyesimama sakafuni, hukusanyika ule wa namna ya pili. Chupa ikiwekwa juu ya kitu kisichopitisha umeme, haihifadhi karibu chochote. Mkono ulikuwa sehemu ya chombo, na mwenye mkono hakutambua kwamba yampasa kuutaja kwa mkazo ule ule alioutaja msumari.

Kwangu mimi Kleist ana mafunzo zaidi kuliko Bose. Mdanganyifu hugunduliwa, Watson alihitaji barua tu. Shahidi mwaminifu anayeruka jambo kwa sababu kwake ni la kawaida mno ni vigumu zaidi kumsahihisha, kwa maana yeye mwenyewe hajui alichokiacha. Wachungaji wanaofundisha kipaimara wanaijua hali hiyo.

Mnamo Januari 1746, Pieter van Musschenbroek wa Leiden alimwandikia Réaumur mjini Paris habari ya pigo lile lile, lililogunduliwa Leiden bila kujua lolote la Kammin. Barua yake ilieleza wazi nani ashike nini, na asimame wapi. Nollet aliyasambaza maelezo hayo Ufaransa, na chupa ikapata jina la Leiden. Huko Danzig, Daniel Gralath, aliyeipata habari ya Kleist kupitia kwa Swietlicki, alifaulu mwezi Machi mwaka huo huo, kisha akaunganisha chupa kadhaa pamoja ili kuongeza nguvu ya pigo. Kleist alifariki mwaka 1748. Katika vitabu vya Kijerumani chombo hicho huitwa pia chupa ya Kleist. Kwingineko jina lake halikuenea sana.